Chipu za Marekani: kiwanda kinaonekana, chuo hakionekani

Agosti 2022 Rais Joe Biden alitia saini Sheria ya Chipu na Sayansi, iliyotenga takriban dola bilioni 52.7 ili utengenezaji wa chipu urudi Marekani. Bilioni 39 zilikwenda kwenye ruzuku za viwanda. Kiasi cha bilioni 13 kikawekwa kwa ajili ya utafiti na mafunzo, na vyuo vikuu viliingilia mlango huo. Fungu hilo dogo limenyooshewa vidole: kwa nini fedha za chipu ziende vyuoni?

Wanaolilalamikia wana hoja nzito. Mwaka 1990 Marekani ilikuwa na asilimia 37 ya uwezo wa dunia wa kutengeneza chipu. Miaka thelathini baadaye ilibaki na asilimia 12 hivi. Kipindi chote hicho vyuo vyake vilikuwa vinaongoza duniani, na havikuzuia viwanda kuhama. Tena kazi nyingi za kiwandani hazidai shahada. Vyuo vya kati vya Maricopa, Arizona, vina kozi ya siku 10 tu ya kumwandaa fundi anayeanza. Mlipa kodi akiuliza kwa nini agharamie miaka ya uzamivu, anastahili jibu.

Jibu naliona ndani ya takwimu ambayo wakosoaji hao hao hupenda kuitaja. Mwaka 2023 SIA, chama cha kampuni za chipu za Marekani, kilikadiria kwamba kufikia 2030 sekta itaongeza ajira zipatazo 115,000, na kwamba nafasi 67,000 kati ya hizo huenda zikakosa watu. Wengi husikia 67,000 wakafikiria mafundi. Lakini mafundi ni asilimia 39. Asilimia 35 ni wahandisi wa shahada ya kwanza na wataalamu wa kompyuta, na asilimia 26 ni wahandisi wa uzamili na uzamivu. Kwa hiyo katika kila nafasi kumi zitakazobaki wazi, sita ni za watu waliopita chuo kikuu. Hilo fungu la mwisho, watu kama 17,000, halina njia ya mkato. Huwezi kumpata mtu huyo kwa kozi ya siku 10, wala kwa kumpandishia mshahara, kwa sababu hajazalishwa bado. Na wanaosomea ngazi hizo, zaidi ya nusu ni wageni ambao kubaki kwao kunategemea viza.

Halafu kuna kazi ambayo kampuni haiifanyi kwa sababu faida yake iko mbali. Miaka ya 1990 ilijulikana kwamba transista, yaani swichi ndogo za umeme ndani ya chipu, zikizidi kuwa ndogo zitavujisha umeme hata zikiwa zimezimwa. Kwa fedha za DARPA, wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi, Chenming Hu na wenzake pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilisimamisha umbo la transista wima kama pezi la samaki ili kupunguza uvujaji huo, likaitwa FinFET. Intel, kampuni ya chipu ya Marekani, ilitangaza uzalishaji wa umbo la aina hiyo mwaka 2011, zaidi ya miaka kumi baadaye.

Mkosoaji atasema: na Hu mwenyewe alikwenda kuwa mkuu wa teknolojia wa TSMC, kampuni ya kutengeneza chipu ya Taiwan. Ni kweli, 2001 hadi 2004. Wazo hufuata kiwanda kinachoweza kulitumia. Mimi naona hiyo ni sababu ya kujenga vyote viwili jirani, ndiyo maana mpango wa kuweka kituo cha majaribio cha taifa Tempe, kwenye eneo la utafiti la Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, karibu na kiwanda cha TSMC cha Phoenix, ulikuwa na akili. Agosti 2025 serikali ilizirudisha dola bilioni 7.4 zilizokuwa za Natcast, shirika lililosimamia mpango huo, ikidai liliundwa kinyume cha sheria. Mwezi huo huo ikachukua karibu asilimia 10 ya hisa za Intel. Uhalali wa Natcast unaweza kujadiliwa. Kukiacha kituo bila mlezi ni hasara ambayo haitaonekana kwenye mizania ya mwaka huu.

Kwa sisi wa huku jambo hili si geni. Nyeri, Kenya, kampuni ya chipu ya Semiconductor Technologies Limited ilianzia ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi.

Kuhusu lawama kwamba vyuo vinachelewa, tazama Ohio. Intel ilitangaza viwanda viwili vya dola bilioni 20 mapema 2022, na sasa inasema cha kwanza kitaanza kazi 2030 au 2031. Mwanafunzi wa uhandisi aliyeanza chuo mwaka ule wa sheria anahitimu 2026. Kwa miaka minne au mitano inayofuata, kama anataka kubaki katika fani hii bila kuhama jimbo, pa kushika kisahani cha silikoni, kile ambacho chipu hutengenezwa juu yake, ni maabara ya chuo, iwapo maabara hiyo bado inapata fedha.