Mti wa plastiki wa mama na ule niliokokota Leipzig

Kila Desemba mwenzangu mmoja kazini hapa Leipzig, Ujerumani, huniuliza swali lilelile: Krismasi ya mwaka huu mnaweka mti halisi au wa plastiki? Hilo neno "plastiki" analitamka kama mtu anayetema mbegu ya limau. Kwake yeye mti wa plastiki ni aibu. Kwa mama yangu kule Machame, Kilimanjaro, ni maendeleo, na ole wake atakayeugusa na mikono ya mafuta.

Tulipokuwa wadogo hatukuwa na mti wa dukani. Tarehe 23 baba alichukua panga akaenda kwenye misaiprasi iliyozunguka kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, akaikagua kama anachagua mbuzi, kisha akakata tawi moja. Tawi, si mti. Tulilisimamisha kwenye kopo la rangi lililojazwa mchanga na mawe, tukalifunga maputo na kadi za Krismasi za miaka iliyopita. Pamba ya zahanati tuliichambua ikawa theluji. Ukitoka nje asubuhi mawingu yakiwa yamepisha, theluji yenyewe ulikuwa unaiona juu ya Kibo, lakini sisi tulishughulika na pamba.

Desturi yenyewe nayo sidhani kama ilianzia kihambani. Wamisionari wa Kilutheri waliokuja Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na chama cha misheni cha jiji hilihili ninalolipia kodi ya nyumba. Na saiprasi ya baba, kwa asili yake, ni mti wa Mexico na nchi jirani. Kwa hiyo mtu akiniambia mti wa plastiki "si wa kwetu", huwa nacheka kidogo.

Mama alipata wa kwake mwaka 2007. Mama mdogo aliununua Kariakoo, akapanda nao basi kuja nyumbani kuhesabiwa, kama sisi Wachaga tunavyotaniwa kila mwisho wa mwaka. Mpaka leo ndio huohuo. Mguu mmoja ulivunjika, ukafungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Matawi ya chini yamepukutika, basi upande huo unaelekezwa ukutani. Sikukuu ikiisha unakunjwa, unaingizwa kwenye salfeti la mahindi na kuwekwa juu ya kabati.

Sasa hesabu. Carbon Trust ya Uingereza ilikadiria kwamba mti wa plastiki wa mita 2 unasababisha takriban kilo 40 za kaboni dioksidi, hewa inayoongeza joto duniani, ilhali mti halisi ukichomwa baada ya sikukuu ni kama kilo 3.5. Yaani wa plastiki utumike zaidi ya miaka 10 ndipo ulingane na halisi. Wazungu wengi wakiisoma hesabu hiyo wanakimbilia halisi, na wana haki, maana wanajijua: kitu cha miaka mitatu kwao kimeshachakaa. Mama yangu deni hilo alishalimaliza zamani, bila kujua kama lilikuwepo.

Mimi mwenyewe nilinunua halisi mwaka wa kwanza, kwa tamaa ya harufu. Euro 38, mti wa mita moja na nusu hivi, aina ya Nordmanntanne wanayoipenda kuliko zote. Muuzaji aliusukuma ndani ya bomba pana, ukatokea upande wa pili umevishwa wavu kama soseji. Nikaupakia kwenye tramu, nikiwachoma watu na kuomba radhi vituo sita. Nilikuja kusikia baadaye kwamba mbegu nyingi za aina hiyo hutoka milima ya Georgia, huko Kaukazi, ambako watu hukwea miti mirefu kuchuma koni. Halafu mti unalelewa shambani miaka 10 hivi ndipo ufike kimo cha sebule. Ni zao kama kahawa yetu. Hakuna msitu uliovamiwa. Hilo nalikubali.

Nisichokubali ni Januari. Mimi niliuweka wangu karibu na hita, kufikia tarehe 28 vijani vimejaa kwenye zulia, navipata soksini mpaka Machi. Baada ya tarehe 6 majirani wote wakatoa ya kwao nje, imelala kando ya njia ikisubiri gari la manispaa. Nilimwonyesha mama kwa simu ya video. Akanyamaza, kisha: "Mwanangu, hiyo yote hamna hata mtu wa kuokota kuni?" Nikamwambia Berlin tembo wa bustani ya wanyama hupewa miti iliyokosa wanunuzi, wanaitafuna. Hapo akafurahi. Akasema tembo wana akili.

Basi mimi msimamo wangu ni tawi. Saiprasi ya baba ilikatwa kila mwaka na bado imesimama. Panga lilipopita pameota matawi mengine. Hapa Leipzig soko la Krismasi huuza matawi matupu kwa bei ya chai na mkate, na miaka minne sasa naweka hayo kwenye ndoo yenye kokoto. Mwenzangu wa kazini alipoona picha aliuliza mti uko wapi. Kwenu mnaonunua wa plastiki siwahukumu, mradi mwakani usinunuliwe mwingine kwa sababu taa za huu zimepitwa na fasheni.

Desemba hii naenda kuhesabiwa, Mungu akijalia. Nimempigia mama, nikampa shikamoo, nikamweleza kwamba mwaka huu ningependa kukata tawi la saiprasi kama enzi za baba. Akajibu nikate tu, miti ni yangu. Ila nilisimamishe barazani, lisije likamwagia uchafu mti wake.