Nyigu Akakae Wapi, Gesti?

Mkutano wa kijiji wiki iliyopita umeniachia hasira ambayo hata samaki sato wa soko la Mwaloni hajaituliza. Hoja iliyopigiwa makofi: tufyeke ngitili, yaani malisho yaliyofungwa yakaota majani na vichaka, iliyobaki kati ya mashamba yetu ya pamba, kwa kuwa "inafuga funza". Kisha zikagawiwa ekapaki, vile vipimo vya sumu ya wadudu vya kutosha eka moja, kila mtu na bomba lake mgongoni.

Ngitili nyingine zilishafyekwa siku nyingi. Funza wa vitumba, viwavi wanaotoboa matunda ya pamba, wamepungua? Wapi! Nondo wake huruka usiku kilomita nyingi, hahitaji kichaka chenu. Wanaokihitaji ni adui zake. Nyigu wadogo wanaotaga ndani ya kiwavi wanaishi kwa utamu wa maua. Sisimizi na buibui, walaji wa mayai ya funza, wanataka kivuli na mahali pa kujificha. Sisi tukishavuna tunang'oa miti ya pamba na kuichoma, kama sheria inavyotaka, na shamba linabaki jangwa hadi mvua. Kiangazi chote nyigu akakae wapi, gesti? Mvua zikianza, funza anarudi kwa mabawa, sisimizi anarudi kwa miguu.

Ndiyo maana mmoja wetu kuacha majani mpakani peke yake ni kujisumbua. Jirani anapuliza, upepo unaleta sumu, wadudu rafiki kwisha. Mashamba yanayopakana lazima yakubaliane: vichaka viungane, na mtu apulize baada ya kukagua shamba, siyo kwa sababu kamwona fulani anapuliza. Na mtu asiniambie Wasukuma hatuwezi kukubaliana! Ngitili ni nini kama si makubaliano? Wazee walifunga malisho wakati wa mvua, na ng'ombe wako akiingia unajibu mbele ya dagashida, baraza letu la jadi. Miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walijikusanya na Paul Bomani, wakauza pamba yao kwa ushirika. Leo AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, inajadili bei na ekapaki basi.

Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria hili hili, watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, walianza miaka ya 1990 kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi na majani ya tembo pembeni. Moja inafukuza nondo wa viwavi vya mabua, nyingine inamvutia nje. Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, nacho kinapungua. Na Meatu wenye pamba hai, isiyopulizwa sumu za viwandani, wanapanda alizeti humo humo shambani.

Haya, nakubali: kangambili, mdudu anayechafua pamba, huzaliana kwenye mibuyu, na kwelea kwelea hulala vichakani, kwa hiyo mwenye mtama ana haki ya kununa. Tuchague basi cha kukata. Kufyeka vyote siyo kuchagua.

Kikao cha AMCOS nitaomba mipaka iachwe misimu miwili, na bwana shamba aje ahesabu funza kabla ya mtu kushika bomba. Jirani wa upande wa mtoni ameshakubali. Wa upande wa barabarani anasema atafikiria akishauza pamba.