Wivu wangu Uholanzi ni wa mshahara wa Cobet

Kila nikipiga simu nyumbani naulizwa huku kuna nini kizuri, na wanaouliza wanangoja nitaje treni. Treni zenyewe huchelewa, msidanganywe. Mimi ninachokionea wivu ni mshahara wa marehemu mmoja, Carel Gabriel Cobet, mtaalamu wa Kigiriki cha kale aliyelipwa kulinganisha nakala.

Cobet alizaliwa Paris mwaka 1813, baba Mholanzi, mama Mfaransa, akasoma hapa Leiden ninapokaa. Mwaka 1840 wakubwa wa elimu wa Uholanzi walimtuma Italia, akakaa huko miaka mitano hivi akisoma miswada ya Kigiriki, yaani vitabu vya kale vilivyonakiliwa kwa mkono. Basi! Unaweka kitabu kilichochapwa mbele yako, mswada pembeni, unafuata neno kwa neno. Huyu mnakili karuka mstari. Yule kachanganya herufi mbili zinazofanana. Mwingine kayaingiza maelezo ya ukingoni ndani ya maneno ya mtunzi. Kila tofauti unaiandika. Kijana wa kwetu akiifanya kazi hiyo, shangazi zake watauliza ataoa lini. Cobet aliporudi alipewa uprofesa, na Mnemosyne, jarida la wasomi wa Kigiriki na Kilatini alilolisimamia, lililoanza 1852, linatoka mpaka leo.

Sisi Lamu tulikuwa na Muhamadi Kijuma: mshairi, mchongaji, mwanamuziki, na mwandiko wake ni wa kutazama tu hata kama husomi. Alinakili tenzi nyingi. Lakini wengi wa waliomwagizia nakala na kumlipa walikuwa Wazungu, watafiti wa Kiswahili kina Alice Werner na William Hichens, ndiyo maana ukizitaka nakala zake leo unaanzia London. Hawakuiba, walilipa. Sisi je?

Simtukuzi Cobet. Alijiamini mno: akikuta neno lisilolingana na Kigiriki cha Athene alichokipenda, alilisahihisha, na waliomfuata wameyarudisha mengi. Tena hapa Leiden nikitaka mtu wa kunighania Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, kwa moyo, sijui nitabisha hodi kwa nani. Lamu wazee wa kughani Inkishafi, utenzi wetu wa kale, wapo, na ukikosea ubeti watakurudisha hapo hapo barazani.

Kwa hiyo wataalamu tunao. Naomba serikali zetu za kaunti, badala ya tamasha moja la mwaka, zimwajiri kijana mmoja anayesoma Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, apite majumbani kwa idhini ya wenyewe, alinganishe nakala za tenzi zilizomo na wanavyoghani wazee hao wakiwa bado hai. Alipwe kila mwezi, si posho ya semina.