Jogoo wa Nyuzi 80

Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Wangu aliuruka mji akaenda kuwika karibu na Ncha ya Kaskazini, na mfugaji ni mimi. Nilimfuga mfukoni.

Nilikuwa naoka mikate kwenye meli ya watalii kule Svalbard, funguvisiwa la Norwei. Kiangazi jua halizami: unaamka saa nane usiku unalikuta dirishani limekutumbulia macho. Kuogopa kuchelewa tanuri, nikatega simu iwike saa kumi na moja, sauti mpaka mwisho. Asubuhi haikuwika, mkate ukachelewa, nikasingizia hamira.

Siku hiyohiyo tukatia nanga Sjuøyane, visiwa vya kaskazini kabisa mwa Norwei, latitudo ya nyuzi 80 na ushei. Hakuna nyumba, hakuna mti. Magogo yaliyojaa ufukweni yameletwa na bahari kutoka Siberia. Mpishi mkuu akanihurumia: "Nenda nawe ukashuke, bwana." Boti ya mpira ikatutua Phippsøya, kisiwa chenye jina la nahodha Phipps aliyefika pande hizo mwaka 1773. Huyo ndiye aliyewaandikia wataalamu kwamba dubu mweupe ni aina yake peke yake, na kwa kumhofia dubu huyo kiongozi wetu alikuwa na bunduki begani na macho mlimani.

Mbele yetu, walarasi kama ishirini, wale wanyama wanene wa bahari ya barafu, wamelaliana kama magunia ya mkaa. Meno kama ya ndovu, masharubu kama ya mjumbe wa nyumba kumi. Na harufu! Soko la samaki siku umeme umekatika.

"Msiongee," kiongozi akanong'ona. "Wakishtuka watakimbilia majini wakanyagane."

Kimya. Hata mawimbi yalinyata.

*Kokorikoooo!*

Saa kumi na moja ya jioni. Nilichanganya na ya alfajiri. Kwa jua lile hata wewe ungechanganya. Simu iko chini ya jaketi la kujiokoa, koti, sweta na fulana mbili. Nikajipekua kama mtu aliyeingiwa na siafu. Vichwa ishirini vikainuka. Dume moja likanitazama, likacheua. Nikaipata, nikaibonyeza na glavu, ikanyamaza.

Vichwa vikalala kimoja kimoja. Kiongozi akashusha pumzi, akanionyesha boti kwa kidole. Sikubisha.

Nilikuwa nimeshapiga hatua kama kumi hivi nilipokumbuka kwamba ukibonyeza vile, jogoo hafi. Anapumzika dakika tano.