Itifaki Ilizingatiwa, Kitabu Hakikusomwa

Maktaba inapomwalika mwandishi wa riwaya kuzungumza na wasomaji, mtu hutarajia kwamba walau baadhi ya waliohudhuria wamepata nafasi ya kuisoma riwaya yenyewe. Juzi jioni, katika maktaba moja hapa Arusha, tuliketi na mwandishi mwenye tuzo kubwa kwa muda wa saa mbili hivi, na nakala halisi pekee iliyoonekana ukumbini ni ile aliyoitoa mwenyewe mkobani.

Muda wetu uliliwa na utambulisho wa meza kuu, kisha risala, kisha neno la mdhamini, na kila aliyesimama alitutangazia kwamba itifaki imezingatiwa, halafu akaanza kuizingatia upya. Mgeni alipopewa kipaza sauti hatimaye, aliulizwa alijisikiaje alipopigiwa simu ya ushindi, kisha akaulizwa fedha za tuzo amezifanyia nini. Alijibu kwa adabu ya mtu aliyekwisha kuulizwa hayo kila alikokwenda.

Ndipo aliposimama kijana mmoja aliyekaa karibu na dirisha, mkononi ana bunda la kurasa zilizotolewa kopi na kubanwa kwa pini, pembezoni zimejaa maandishi ya penseli. Aliuliza kwa nini mama wa mhusika mkuu hatamki neno hata moja katika sura za mwisho. Mwandishi akasogea mbele kitini, uso umemchangamka. Kabla hajajibu, mwongozaji wa mazungumzo alicheka na kumwomba kijana asitumalizie hadithi, kwa kuwa wengi wetu bado hatujaisoma. Ukumbi ukapiga makofi. Makofi, ndugu zangu! Mtu aliyekisoma kitabu alinyamazishwa ndani ya maktaba ili tusiokisoma tusibughudhiwe.

Ninajua kwamba kurudufu kitabu kizima ni kumdhulumu mwandishi, na wachapishaji wana haki ya kunung'unika. Lakini kijana yule angeazima wapi, ikiwa rafu za maktaba iliyomwalika mwandishi hazina nakala hata moja ya riwaya inayosherehekewa?

Ugonjwa huu hatukuuanza juzi. Abdulrazak Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, tulibishana mitandaoni kwa juma zima kama ni Mtanzania au si Mtanzania, na wabishi wengi hawakuweza kutaja riwaya yake hata moja. Paradise ilikuwa imetoka tangu mwaka 1994, nayo inasimulia pwani na bara yetu hii hii. Ilibidi tusubiri hadi mwaka 2022, baada ya Stockholm kutushtua, ndipo tuipate kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Tunangoja wengine wapime kwanza, kisha tunakuja kupiga picha ya pamoja na medali.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ukumbi ulijaa, kwamba wakutubi walibaki kazini hadi usiku, na kwamba watu wa Ngaramtoni na Usa River walikubali kuhangaikia usafiri wa kurudi nyumbani kwa ajili ya fasihi. Hilo si dogo. Kuhusu Kiingereza kilichotawala nusu ya mazungumzo mbele ya wanafunzi wa sekondari, leo nitanyamaza.

Ninachodai hakihitaji kamati. Nakala ziwekwe rafuni mwezi mmoja kabla ya mgeni kufika, ziazimwe, zizunguke mikononi mwa watu, na siku ya mazungumzo maswali ya kwanza yawe ya waliosoma, hata kama wamefika watano tu. Nitaambiwa hakuna bajeti. Bango la plastiki lililotundikwa getini, lenye picha ya mwandishi na nembo za wadhamini wote, lililipiwa na bajeti ipi? Baada ya jioni ile bango halina kazi tena, ilhali kitabu kimoja kingeazimwa kwa miaka.

Tangazo la mgeni ajaye tayari limebandikwa mlangoni. Nilipouliza mezani kama riwaya zake zipo, niliambiwa nije siku ya hafla, huenda atakuja nazo.