Kabla ya Kisu, Kinyama Kipimwe

Kikopo kilikuwa cha plastiki nyeupe, mfuniko wa bluu, kimezungushiwa plasta na kuandikwa jina la mama mdogo kwa kalamu ya wino. Nilikipakata kwenye basi saa tisa nzima, kutoka wilayani kwetu hadi Dar es Salaam, nimekifunika na khanga, nikikishika kwa mikono miwili kila tulipopita tuta. Ndani mlikuwa na kinyama, kipande kama ncha ya kidole gumba, kilichokatwa kwenye ziwa lake la kushoto ili kipimwe kama kina saratani. Abiria mwenzangu akaniuliza nimebeba nini cha kupakatwa hivyo. Nikamwambia dawa.

Kule maabara, kijana wa mapokezi alivaa glavu, akafungua mfuniko, akanusa. Akanitazama. "Dada, hiki kimewekwa kwenye fomalini au kwenye maji ya dripu?" Sikujua. "Ingekuwa fomalini," akasema taratibu, "ungeshakohoa." Hospitali tuliyotoka fomalini, dawa ya kuzuia kinyama kisioze, ilikuwa imekwisha, wakatumia walichokuwa nacho, na hakuna aliyetuambia. Siku mbili kwenye maji ya chumvi, pamoja na joto la basi, kinyama kilishaanza kuoza. Majibu yalirudi na mstari mmoja: sampuli haifai, ichukuliwe nyingine.

Kila Oktoba tunavaa utepe wa pinki, tunatembea, tunawaambia wanawake wajichunguze matiti. Mimi pia huvaa. Lakini mama mdogo alijichunguza. Alikigusa kile kivimbe mwezi Februari akiwa anaoga, kidogo kama punje ya kunde, na kesho yake asubuhi alikuwa zahanati. Akaambiwa ni jipu linalotaka kuiva, akapewa vidonge vya siku saba. Akarudi, akapewa vingine. Baadaye kituo cha afya, kisha rufaa, kisha foleni ya utrasaundi, kisha kile kinyama kilichooza, kisha kinyama cha pili. Majibu ya kweli tuliyapata Novemba. Miezi tisa, mimba nzima. Kunde ilikuwa imekuwa limao.

Katikati ya safari hiyo alikaa mwezi mmoja akibandika dawa za mitishamba, na ndugu wengine mpaka leo wanasema hapo ndipo alipojiponza. Najua alivyofika huko. Wataalamu walishamwambia mara mbili kwamba ni jipu tu, hana kitu cha kuogopa, na bado alikuwa anakigusa kila usiku. Ukiambiwa huna kitu na mkono wako unakiona, utakwenda kwa atakayekubali kwamba kipo.

Nchini kwetu Tanzania takriban asilimia 80 ya wanawake wenye saratani ya matiti hugundulika wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Tumezoea kuieleza idadi hiyo kwa maneno mawili: uelewa mdogo. Majirani zetu wa Rwanda walifanya jambo la maana, walihesabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wa wagonjwa waliotibiwa katika hospitali za Butaro na Rwinkwavu, uliutenganisha muda wa mgonjwa kabla hajakwenda kituoni na muda uliopita baada ya kufika kituoni mpaka apate jina la ugonjwa. Ukiwapanga wagonjwa kwa urefu wa muda, kwa yule wa katikati ilikuwa miezi mitano kila upande. Kwa hiyo tukimlaumu mwanamke kwa kuchelewa, tuihesabu na ile miezi mitano aliyoimaliza kwenye mabenchi yetu. Shirika la Afya Duniani nalo lilitaja lengo mwaka 2021: tangu mwanamke anapofika kituoni na dalili hadi anapopata majibu kamili zisizidi siku 60. Mama mdogo alitumia zaidi ya mara nne ya hapo, na nauli yake ya kwanza alilipa bila kuchelewa hata siku moja.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoanza kila mjadala na mashine ya mamografia, yaani eksirei ya matiti. Sina ubaya nayo. Katika nchi ambako wanawake hualikwa kupimwa kwa utaratibu, imeokoa maisha, na sasa Sweden wamefanya jaribio la wanawake zaidi ya 80,000 ambamo akili bandia iliwasaidia madaktari kusoma picha na kuwapunguzia kazi ya usomaji kwa asilimia 44 bila kupoteza saratani walizokuwa wakiziona. Nilifurahi kusoma habari hiyo. Lakini mamografia hutafuta kisichogusika bado, na kwetu wanawake wanakuja na kinachogusika, wanakirudisha nyumbani. Tena wagonjwa wetu wengi hawajafika miaka 50. Ziwa la mwanamke kijana lina tishu nyingi zilizoshikamana, huonekana jeupe kwenye picha, na uvimbe nao huonekana mweupe. Picha hiyo hata ikisomwa na bingwa inaweza kuficha.

Mikono iliyofunzwa ingetufaa mapema zaidi. Mumbai, India, waliwafuatilia wanawake zaidi ya 150,000 kwa miaka 20. Nusu yao walipapaswa matiti kila baada ya miaka miwili na wahudumu wa afya wanawake waliofundishwa kazi hiyo. Saratani zilikamatwa zikiwa ndogo, na kwa wenye miaka 50 na zaidi vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo vifo havikupungua, na hilo lisemwe waziwazi. Shanghai nako, wanawake wa viwandani zaidi ya 260,000 walishirikishwa katika jaribio la kufundishwa kujichunguza wenyewe. Waliofundishwa walikatwa vinyama vingi zaidi vya uvimbe usio saratani, na vifo havikupungua. Simwambii mwanamke aache kulijua ziwa lake. Ninachosema ni kwamba kumfundisha kuukuta uvimbe ni nusu ya neno, na nusu ya pili ni nani ataupima, kwa kifaa gani, na lini.

Kupima kwenyewe si kazi ya maajabu. Anapigwa ganzi, sindano nene yenye tundu inaingizwa kwenye uvimbe, inatoka na vipande vyembamba kama njiti za kiberiti. Dakika chache, plasta, anakwenda nyumbani. Kazi ngumu inaanza kwenye kikopo. Fomalini iwe kama mara kumi ya nyama iliyomo. Kinyama kizamishwe ndani ya saa moja tangu kitoke mwilini. Kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya 72. Kopo liwe na mdomo mpana, maana nyama ikishakaa kwenye dawa inakakamaa na haitoki kwenye shingo nyembamba. Baadaye kinagandishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko unywele, kinapakwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini. Hapo daktari wa patholojia anauliza maswali matatu: je, seli hizi zina vipokezi, yaani milango ya kupokelea homoni, vya estrojeni? Vya projesteroni? Zina HER2, protini inayozisukuma seli zikue, kwa wingi?

Maswali hayo ndiyo maendeleo makubwa ambayo watu wetu hawasimuliwi. Wanawake watatu wanaweza kulala wodi moja, uvimbe sawa, ziwa lile lile la kushoto, na kila mmoja ana ugonjwa wake. Mmoja, mwenye vipokezi vya homoni, anasaidiwa na kidonge cha tamoxifen kila siku kwa miaka. Mwingine, mwenye HER2 kwa wingi, anahitaji trastuzumab, dawa iliyoanza kuruhusiwa Marekani mwaka 1998 na ambayo bei yake inauza mashamba. Wa tatu hana hata kimoja kati ya hivyo, na dawa zote mbili hazimfai. Kinyama kikioza, au kipimo cha vipokezi kisipofanyika, wote watatu wanatibiwa kwa kukisia.

Na kuna jambo linaloniuma kuliko yote. Wodini nilikutana na dada mmoja wa Kilosa. Miaka miwili kabla, alitolewa uvimbe kwenye hospitali ndogo, akashonwa, akaambiwa amepona. Nikamuuliza majibu ya kinyama yalisemaje. Akasema, "Kinyama kipi? Walikitupa." Uvimbe ulirudi pale pale kwenye kovu, na wenzake kwapani.

Upasuaji wenyewe umesafiri mbali mno kuendelea kufanywa namna hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 William Halsted wa Baltimore aliondoa ziwa lote, misuli ya kifua na tezi za kwapani kwa pamoja, akiamini kadiri unavyokata kwa upana ndivyo unavyoing'oa mizizi. Wanawake waliishi na vifua vilivyobonyea kwa vizazi. Ilibidi waje Bernard Fisher Marekani na Umberto Veronesi Milan, wakabishana na wakubwa wao, wakafanya majaribio. Mwaka 2002 matokeo yao ya miaka 20 yalionyesha kwamba, kwa uvimbe wa mapema, aliyeondolewa uvimbe peke yake na kupewa mionzi aliishi sawa na aliyeondolewa ziwa zima. Sasa hata kwapa halifagiliwi ovyo: rangi ya bluu au dawa maalumu inadungwa, inaonyesha tezi ya kwanza inayopokea majimaji ya ziwa, hiyo ndiyo inatolewa ikapimwe.

Ila kubakiza ziwa kunataka mionzi, na mionzi kwa wengi wetu ni kupanga chumba Dar es Salaam. Kwa hiyo habari iliyonigusa zaidi miaka hii ni ya Uingereza, mwaka 2020: jaribio lilionyesha kwamba mionzi ya siku tano tu, iliyopangwa vizuri, ilifanya kazi sawa na ya wiki tatu kwa wanawake waliofuatiliwa miaka mitano. Wiki moja ya kulala kwa shemeji inavumilika. Wiki tatu watu hukimbia matibabu.

Mama mdogo hakupata nafasi ya kuchagua. Alianza na dripu za dawa ya saratani ili uvimbe unywee, kisha ziwa likatolewa pamoja na tezi za kwapani kwa sababu ugonjwa ulishafika huko. Mkono wake wa kushoto huvimba jioni. Ndoo ya maji anabeba kwa wa kulia, na jembe analishika robo saa. Vipokezi vyake vya homoni vilikutwa, anakunywa tamoxifen kila usiku baada ya taarifa ya habari.

Makohozi ya kifua kikuu tumeweza kuyasafirisha kwa mpango kutoka vijijini hadi maabara kubwa. Matone ya damu ya watoto wachanga wa akina mama wenye VVU vilevile. Barabara, fomu na utaratibu vipo. Kwa nini kinyama cha ziwa kipakatwe na ndugu kwenye basi? Naomba kila hospitali ya wilaya iwe na sindano ile, fomalini isiyokwisha, kopo la mdomo mpana, na mtu mmoja ambaye jina lake limeandikwa kuwa ndiye anayefuatilia majibu. Na daktari yeyote asishike kisu kabla majibu hayajarudi.

Wiki tatu hizi binti wa jirani yetu, miaka 29, amegusa kivimbe. Kwa umri wake huenda si saratani. Vivimbe vingi vya umri huo si saratani. Mama mdogo alimsindikiza mwenyewe, akasimama mlangoni mwa chumba kidogo cha upasuaji, akaomba aonyeshwe kikopo. Akakinusa. Leo ni siku ya 19. Majibu bado.