Siku Mkokoteni Uliponishinda Likoni

Kazi yangu ya kila siku bandarini ni kuhakikisha kwamba mzigo umepangwa sawasawa juu ya lori kabla halijapanda kwenye mizani, na madereva wengi wameonja ukali wangu kwa kuurundika mzigo upande mmoja. Nalitaja hili mapema kwa kuwa msomaji angelikumbuka mwenyewe baadaye, na ni heri nianze mimi kujicheka.

Nina Toyota Starlet ya mwaka 1993, gari dogo la takriban kilo 800 linalovutwa na magurudumu ya mbele. Rafiki yangu mwenye kiwanja upande wa kusini, chenye kipande kirefu cha lami iliyonyooka, alitualika wachache tukashindane robo maili, yaani mita 402. Katika mbio hizo hupimwa pia muda wa mita 18 za kwanza peke yake, kwa sababu gari likizungusha matairi pale pale mahali pa kuanzia, nguvu zote za injini huishia kuwa moshi. Basi nikataka ushauri wa kuzipanga springi na shokamzoba ili matairi yashike, na kosa langu ni kwamba nilimwuliza Ami.

Ami, ndugu mdogo wa marehemu baba, aliwahi kumiliki Starlet ya zamani aina ya KP61, nayo ilisukumwa na magurudumu ya nyuma. Toyota waliibadilisha Starlet kuwa ya kuvutwa na mbele mwaka 1984, ila habari hizo hazijamfikia Ami. Aliniagiza nitie springi laini nyuma ili gari likalie makalio kama paka anayetaka kuruka, nipunguze upepo wa matairi ya nyuma, niyajaze ya mbele mpaka yawe magumu kama dafu, na juu ya yote niweke mifuko miwili ya saruji kwenye buti. Nilipendekeza mchanga, kwani Mombasa mchanga si wa kununuliwa. Ami akakataa kabisa: ni saruji, tena mfuko usiotoboka, na nisisahau turubai isije ikaingia maji.

Fundi wangu wa Magongo aliyasikiliza maagizo hayo akiwa amelala chini ya gari.

“Bosi, gari hili lavutwa na mbele. Walijua?”

“Nalijua.”

“Na Ami wako, yeye alijua?”

Nikamjibu kwamba Ami ana uzoefu wa miaka arobaini. Fundi akashusha pumzi, akatia springi za nyuma zilizochoka, akapokea malipo yake kabla hajanipa ufunguo, jambo ambalo si kawaida yake.

Jumamosi asubuhi tukaingia kwenye feri ya kuvuka kwenda Likoni, mimi kwenye usukani na Ami kiti cha nyuma, kwa maelezo kwamba uzito wake nao ungesaidia. Maji yalikuwa yamekupwa, hivyo tulipofika ng’ambo ule mwinuko wa zege ulikuwa mrefu kuliko kawaida, na sehemu yake ya chini ilikuwa na utelezi wa kijani. Mlinzi akapuliza filimbi, magari ya mbele yakapanda, nami nikaachia klachi.

Gari likalia, wala halikwenda. Gurudumu la kushoto, lililokuwa juu ya utelezi, lilizunguka kama pia, na la kulia likatulia tuli, kwa kuwa difu ya kawaida, yaani gia inayogawa nguvu za injini kwa magurudumu mawili, haiwezi kulipa gurudumu lenye mshiko nguvu zaidi ya zile zinazopokewa na mwenzake anayeteleza. Nikaongeza mafuta. Pua ikainuka, mkia ukazama, na kila tairi liliposhika kidogo na kuachia, gari liliruka-ruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Abiria wa miguu walitupita pande zote mbili. Mama mmoja aliyebeba beseni la samaki aliinama dirishani akaniuliza kwa huruma ya kweli, “Mwanangu, gari lako lalilia nini?”

Ndipo mkokoteni uliojaa madafu ukanipita. Mwenye kuuvuta hakuwa na haraka hata kidogo. Alipofika usawa wangu aliutegea jiwe, akaja akachungulia ndani ya buti kupitia kioo cha nyuma, akacheka mpaka akajishika magoti.

“Bwana mkubwa, mvutaji yuko mbele na mzigo umeuweka nyuma! Mimi nikipakia hivyo mkokoteni waniinua, nabaki naning’inia miguu hewani.”

Kwa sentensi hiyo alikuwa amemaliza somo lote. Gari linapoondoka kwa kasi, au linapopanda mlima, uzito huhamia nyuma, na lenye kuvutwa na mbele hupoteza mshiko pale pale linapouhitaji. Kilo 100 za saruji zilizokaa nyuma ya ekseli ya nyuma hazikandamizi mkia tu, bali huinyanyua pua kama pembea. Springi laini zilizidisha kuzama, na matairi ya mbele yaliyojazwa upepo kupita kiasi yaligusa zege kwa upana wa kiganja. Hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho sikukifanya kinyume.

Dawa yake ilikuwa shilingi 200 na vijana wawili walionona, waliokalia boneti wakitazamana nami kupitia kioo. Tulipanda taratibu, umma ukipiga makofi, na katika gari la pili nyuma yetu alikuwamo mkubwa wangu wa kazini, ambaye aliniinulia mkono kwa heshima zote.

Kiwanjani sikufika. Ami aliniomba nipitie kwanza uchochoro mmoja wa Likoni, na mwisho wake nikaona nyumba isiyo na paa, fundi mwashi mwenye mwiko mkononi, na rundo la matofali. Mifuko yangu ya mbio ikashushwa, turubai ikakunjwa vizuri, Ami akanishukuru.

Wiki iliyofuata nilirudi Magongo kwa unyenyekevu. Fundi akatia springi ngumu nyuma na kuuinua mkia sentimita tatu, akafunga shokamzoba za mbele zenye kuchelewa kufunguka ili pua isinyanyuke upesi, akabadilisha maunti za injini, ile mipira inayoishikilia, zilizokuwa zikichangia kule kuruka, kisha akapunguza upepo wa mbele na kuongeza wa nyuma. Sasa gari huondoka bila kelele.

Jana Ami alinipigia simu. Alitaka kujua kama ni kweli kwamba springi mpya za nyuma ni ngumu kuliko zile za kwanza, nami nikamthibitishia kwa fahari.

“Alhamdulillahi,” akasema. “Basi hizo zitabeba mifuko mitano.”